Tumbo Moja kwa Nyumba Moja

Njia ya kwenda Tumbomoja siielezi. Nikiieleza, nawajua wanaume wa kwetu, kesho asubuhi mtakuta vijiji vitupu na wote wamekwenda kuomba uraia. Itoshe kusema nilikwenda, nikafika, nikakaa miezi sita. Nyumbani nilimwacha paka tu, na paka yule anajua kujitafutia kuliko watu wengi nitakaowataja hapa.

Kilichonishangaza kwanza hakikuwa watu, kilikuwa kuku. Kuku wa Tumbomoja wana vifua. Wanatembea taratibu kama wake za madiwani. Nikatazama mashamba: mtama mchanga umejipanga mistari, ulezi, kunde, karanga, na mbuzi wa maziwa wamefungwa kila ua. Nikajisemea, mwanamke wee, hapa utanenepa mpaka usahau jina lako. Halafu nikawaona watoto wamekaa kando ya njia, nywele zimepauka kama nyuzi za mkonge. Hakuna hata mmoja aliyenikimbilia kunishangaa. Mimi na meno yangu haya matatu, nimezoea kushangaliwa.

Nilipokelewa nyumbani kwa bwana mmoja aitwaye Mihambo. Mkewe alikuwa Nyamizi, na walikuwa na watoto wanne. Wa mwisho ni msichana, Kalunde, miaka mitatu. Alikuwa kwenye mkeka. Hachezi, halii, amekaa tu kama mtu aliyeambiwa asubiri ofisini. Miguu imevimba, ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Nywele nyekundunyekundu, ukizigusa zinabaki mkononi. Tumbo limekwenda mbele kama kibuyu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini ugonjwa huo naujua. Shuleni tuliimbishwa jina lake, kwashakoo, na dawa yake tukaimbishwa: maharage, mayai, dagaa, karanga, maziwa.

"Mtoto anaumwa tangu lini?" nikamwuliza mama yake.

"Haumwi, bibi," akajibu Nyamizi, kama anayesoma ubaoni. "Nyumba hii imeshiba. Ina cheti."

Akanionyesha ukutani. Kweli, cheti kilikuwepo, kimetiwa fremu: *Nyumba ya Mihambo imepimwa na kuonekana imeshiba. Sentimita mia moja na kumi na nne.* Chini kuna muhuri wa Idara ya Tumbo.

Sasa niwaeleze sheria, maana bila sheria hii mtadhani wale watu ni wabaya, kumbe ni watiifu tu. Katika nchi ile nyumba moja ina tumbo moja, nalo ni la baba. Wengine wana sehemu fulani katikati ya kifua na nyonga, lakini kisheria si tumbo. Mara mbili kwa mwaka, baada ya kupanda na baada ya kuvuna, hupita Afisa Mkanda na kuzungusha mkanda wa fundi cherehani kwenye kiuno cha baba. Mkanda ukifika kipimo cha mwanzo kilichoandikwa, nyumba imeshiba. Ukipungua, nyumba ina njaa, na njaa ni kosa. Basi familia nzima hujitahidi baba asipungue. Huo ndio uzalendo wao.

Siku ile ya kwanza nikaona uzalendo ukipakuliwa. Mihambo alikaa peke yake nyuma ya pazia. Akapelekewa mayai mawili, maharage ya karanga, firigisi, maziwa ya mbuzi na soda. Sisi tuliobaki tukaketi upande wa pili wa pazia na sahani kubwa ya ugali mweupe na bakuli la mchuzi. Mchuzi ule ulikuwa maji yaliyopita karibu na kuku.

"Mchuzi wenyewe una nini?" nikanong'ona.

"Una harufu, bibi," akasema mtoto mkubwa, na wala hakuwa anatania.

Nikamwita Mihambo nje ya pazia. "Mwanangu, kwani mkeo hali mayai?"

"Shikamoo tena, bibi," akasema, anajifuta mdomo. "Yai kwa mwanamke ni hatari. Atazaa mtoto asiye na nywele."

"Na firigisi?"

"Inamfanya mkaidi."

"Maziwa?"

"Yanamtia usingizi."

"Nyama ya mbuzi?"

"Anaota ndevu."

"Na mlenda usiotiwa karanga, ugali na mchuzi wa harufu, navyo vina madhara gani?"

Akafikiri sana, mtu mwaminifu. "Hivyo havina madhara," akasema.

Nikaona maradhi ya nchi ile ni ya ajabu, hayajawahi kuvamia kitu kisicho na ladha. Kuhusu mtoto asiye na nywele, Kalunde alikuwa pale mkekani, na mama yake hakuwahi kuonja yai tangu azaliwe. Mgeni wa siku moja hatakiwi kuona sana.

Lakini mambo ya pazia ni nusu tu. Nusu nyingine iko kwenye uzio. Kila nyumba ya Tumbomoja imezungushiwa kamba, na kwenye kamba wanatundika maganda ya vyakula vya dukani: karatasi za biskuti, mifuko ya tambi, makopo ya soda, pakiti za unga mweupe. Hapo ndipo mtu anaheshimiwa. Ukipita, husalimii kabla ya kutazama kamba. Nilimwona mama mmoja akimwomba jirani amwazime pakiti mbili za tambi, tupu, kwa sababu wakwe wanakuja.

Mtama wao wenyewe wanauitaje? Chakula cha kuku. Kweli kabisa, kuku wanamwagiwa mtama, ulezi, pumba za karanga na vichwa vya dagaa. Kuku wanataga kama wamelipwa. Mayai yakishatolewa mawili ya baba, yanapelekwa gulioni Jumamosi, yanarudi yamekuwa biskuti na unga mweupe usio na kiini, na huo ndio wanaopikiwa watoto. Kwa hiyo kiumbe anayekula vizuri kuliko wote katika nyumba, baada ya baba, ana mdomo mgumu na anakwenda kulala saa kumi na mbili. Mtama nao unaobaki unachukuliwa na malori kwenda mjini, unasagwa, unarudishwa dukani kwenye pakiti ndogo yenye picha ya mtoto anacheka, umeandikwa *Unga wa Afya*. Nyamizi aliununua siku moja kwa mayai ya wiki nzima. Akanipa nionje.

"Mtamu, bibi. Sijui wanaulima wapi."

Nikamwonyesha kwa kidole, nje ya mlango, shamba lake. Akalitazama, halafu akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Kuanzia hapo tukawa tunaongea, yeye na mimi, tukichambua kunde. Akaniambia alikwisha kumzika mmoja, kabla ya huyu. Alianza hivihivi, miguu, nywele, halafu akaacha kulia. Nyumba ilikuwa na cheti. Zahanati ya kijiji ina mizani moja, ya watu wazima, na mganga alimwambia, mama, wewe rudi na mumeo, nimpime.

"Safari hii sikubali," akasema. "Nataka kibali. Yai moja kwa siku. Nitozwe nitakachotozwa, lakini Kalunde ale yai."

"Si umpe tu kwa siri?"

"Maganda ya mayai yanahesabiwa, bibi. Na baba yake anajua idadi kuliko kuku mwenyewe."

Basi tukasubiri Siku ya Mkanda, kwa kuwa ndiyo siku pekee malalamiko yanasikilizwa, na yanasikilizwa kati ya kupima na chakula cha mgeni rasmi, yaani upesi.

Siku ilipofika, wanaume wakapanga foleni uwanjani, vifua wazi, wamejipaka mafuta. Afisa Mkanda alikuwa bwana mmoja aitwaye Lugendo, mtu mpole, kiuno chake mwenyewe kimepita uwezo wa mkanda akaongezewa kipande. Pembeni yake alikaa mtaalamu aliyetoka makao makuu, kazi yake ni wastani. Mihambo akapimwa: mia moja na kumi na nne, vilevile. Watu wakapiga makofi. Nyamizi akasimama na mtoto mgongoni.

"Mheshimiwa Afisa, naomba kibali cha yai. Mtoto wangu ana njaa."

Uwanja ukaguna. Neno lile halitajwi mbele ya mgeni.

"Mama Kalunde," akasema Lugendo, bila hasira, "nyumba yenu ina sentimita mia moja na kumi na nne. Njaa imeingilia wapi?"

Mtaalamu wa wastani akainua kalamu. "Nyumba ina watu sita. Mia na kumi na nne kwa sita ni kumi na tisa. Kwa hiyo kila mtu humu, akiwemo mtoto, anamiliki sentimita kumi na tisa za shibe. Ni juu ya lengo la taifa."

"Ziko wapi hizo kumi na tisa zake?" Nyamizi akauliza.

"Zimehifadhiwa kwa baba yake," akasema mtaalamu.

Mihambo akajishika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu aliyekumbuka kwamba amebeba amana za watu.

"Mama," akaongeza Lugendo, "mtoto ni mdogo, hana tumbo. Huwezi kuombea chakula kitu ambacho hakipo."

Hapo Nyamizi akamshusha Kalunde, akamvua kigauni, akamsimamisha mezani juu ya daftari la serikali. Mtoto akayumba, akashikiliwa. Lile tumbo likawa mbele ya pua ya Afisa, kubwa, linang'aa, mishipa inaonekana.

"Hiki ni nini?" akasema Nyamizi. "Pima!"

Lugendo akatazama. Nikamwona macho yanaanza kumetameta. Akachukua mkanda, akauzungusha, akasoma mara mbili.

"Sitini na tatu!" akapiga kelele. "Sitini na tatu, na umri wa miaka mitatu! Wananchi, mnaona? Mtoto amevimba kwa shibe! Wilaya zote zitatuonea wivu. Hata kwa Mheshimiwa Waziri hakuna mtoto mwenye kitu kama hiki."

Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Mtaalamu wa wastani akaomba kupiga picha. Nyamizi akaniangalia, na sura ile ya mama siwezi kuieleza kwa elimu yangu ndogo. Alikuwa amemleta mtoto wake anayekufa wamwone, nao wamemwona, na wanamshangilia.

Lugendo akainama, akaandika kwa kalamu nzito ya serikali, huku akisoma kwa sauti ili sote tusikie: "Nyumba ya Mihambo. Tumbo: Kalunde binti Mihambo. Sentimita sitini na tatu. La kwanza la aina yake." Akagonga muhuri.

Mimi nikajikokota mpaka mezani, nimeinamisha mgongo zaidi kidogo kuliko unavyoinama wenyewe. Wanaume wanapenda kumjibu mwanamke mwenye mgongo wa hivyo.

"Mheshimiwa mwanangu, mimi mgeni, nifundishe. Nyumba moja ina matumbo mangapi?"

"Moja, bibi! Ndiyo sheria yetu."

"Naona hapa umeandika tayari. La nani hili, macho yangu mabovu?"

Akasoma. Akasoma tena, safari hii kimoyomoyo. Mtaalamu wa wastani akasogea, naye akasoma.

"Futa," Mihambo akasema.

"Kalamu ya serikali haifuti," akasema Lugendo polepole. "Na muhuri nimegonga."

"Basi ongeza na langu!"

"Matumbo mawili nyumba moja? Unataka nifukuzwe kazi?"

"Na mimi je, nitakula nini?"

Lugendo akafunua kitabu cha sheria, akapeleka kidole chini, akasoma kwa aibu: "Wasio tumbo watakula ugali na mchuzi."

Sikucheka. Nilikohoa tu, nikakohoa sana, mpaka nikaletewa maji.

Jioni ileile, jua halijazama, Kalunde alipelekwa nyuma ya pazia. Nilikaa naye mimi na mama yake, kama wahudumu wa tumbo, jambo ambalo sheria haikatazi. Mtoto wa hali ile hajazwi chakula kama gunia. Tulianza na maziwa kijiko kwa kijiko, uji mwembamba wa chakula cha kuku uliotiwa karanga, baadaye kiini cha yai. Wiki ya pili uvimbe ukaanza kushuka miguuni. Wiki ya nne alimpiga dada yake kofi, tukashukuru Mungu. Wiki ya sita alisimama.

Sahani yenyewe ilibaki ya kipimo cha baba, maana ndivyo ilivyoandikwa, na mtoto angemaliza wapi mayai mawili na maharage yote yale? Sheria inaruhusu tumbo kubakiza na kumpa limtakaye. Kipengele hicho kilikuwepo tangu zamani, ila katika historia ya nchi ile hakikuwahi kutumika. Kalunde akakitumia. Aliita kaka, akaita dada, akamwita mama yake na kumtia kipande cha yai mdomoni kwa mkono wake. Nyamizi akala yai. Tulimkagua asubuhi, hakuota ndevu.

Kamba ya uzio ikabaki tupu, kwa kuwa mayai hayakwenda gulioni. Majirani wakapita wakisema, nyumba hii iko uchi.

Mihambo mwenyewe alivumilia siku tano. Ya sita akanifuata jikoni.

"Bibi, mchuzi haujazi."

"Wanao wanajua hilo tangu waache kunyonya."

"Lakini mimi nalima!"

"Nami nilibeba mimba tano kwa mchuzi huohuo, Baba Kalunde," akasema Nyamizi bila kugeuka, "na jembe mkononi."

Akaenda kukaa karibu na pazia, na nikamsikia anaita kwa sauti ambayo hakuwahi kumwita nayo mtu yeyote: "Kalunde, mama yangu, umeshiba?"

"Bado!" likajibu tumbo.

Tatizo, ninyi mnaofikiri mmekwisha kuliona. Mtoto kadiri anavyopona, tumbo linarudi ndani. Mwezi wa tano Nyamizi alimpima kwa uzi, akalinganisha na mkanda wa fundi, akakaa chini. Arobaini na tisa. Na sheria iko wazi: tumbo lililopungua limeshindwa kazi, linavuliwa cheo, anarudishiwa baba. Mtoto akivimba ni shujaa, akipona ni mhalifu. Mihambo alilijua hilo, akaanza kujipaka mafuta wiki nzima kabla ya siku yenyewe, ingawa hapakuwa na kitu kikubwa cha kupaka.

"Tumjaze maji asubuhi," nikamshauri Nyamizi. "Au tumfunge kitambaa ndani ya gauni."

"Hapana, bibi," akasema. "Nilishamwona amevimba. Simvimbishi tena, hata kwa kitambaa."

Kwa hiyo ilipofika Siku ya Mkanda ya mavuno hatukuwa na mpango wowote. Nasema kweli. Nimewahi kudanganya mahali pengi, hapa sidanganyi.

Lugendo alikuja nyumbani mwenyewe, kwa heshima ya tumbo maarufu, na mkanda mpya. "Yuko wapi shujaa wetu?" Akamwona Kalunde ameegemea nguzo ya jiko, anatafuna karanga, ana nywele nyeusi. Uso wa Afisa ukabadilika kidogo. "Mbona... njoo, mtoto mzuri, njoo nikupime."

Kalunde akautazama ule mkanda. Akatazama lile zee linene linalomjia limekunjua mikono. Akakimbia.

Alipita chini ya meza, akatoka nje, akazunguka zizi la mbuzi. Lugendo nyuma yake, mkanda unapepea. Kuku wale wanene wakatawanyika wakipiga kelele. Mtoto akakata kona kwenye kinu, Afisa akakikumbatia kinu. Mara ya tatu ya kuzunguka Lugendo akapaza sauti: "Mihambo! Mkamate mwanao!"

Mihambo akainuka, akatega mikono mlangoni mwa ua. Kalunde akaja moja kwa moja, anacheka meno yote nje, akampita katikati ya miguu, akaingia kwenye mtama. Mihambo akaketi palepale. Hadi leo anasema alimwachia makusudi, kwa mapenzi ya baba. Nyamizi anamwacha aseme.

Lugendo alisimama kwa muda ameshika magoti, anahema kama mvukuto. Mwishowe akafungua daftari. "Tumbo lazima lipimwe likiwa limetulia," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Lisipotulia, kinabaki kipimo cha mwanzo. Sitini na tatu." Akaandika, akagonga muhuri, akaketi kwenye kigoda, akaomba maji. Halafu, nadhani ni uchovu tu uliomtoa neno, akauliza swali ambalo nchi ile, pamoja na idara zake na wastani wake, haikuwahi kuliuliza:

"Mama Kalunde, mtoto huyu mnamlisha nini?"

"Chakula alichokuwa anakula baba yake," akasema Nyamizi.

Afisa akanywa maji yake. Katikati ya mtama mabua yalikuwa yanatikisika, mara hapa, mara kule, na sauti ikaja kutoka huko, kali, haina hata chembe ya uchovu:

"Mama! Nije?"

"Bado!" Nyamizi akajibu. "Mheshimiwa hajaondoka!"